Bati Limetuchongea

Tangu Oktoba 2024 kuna kompyuta ya serikali inayojua choo chetu. Inajua kama ni cha shimo au cha kumwaga maji. Inajua paa letu ni la makuti au la bati, ukuta ni wa udongo au wa mawe, tunapikia kuni, makaa au gesi, na kama tunafuga. Hayo yote tuliyasema wenyewe, wengine kwa kubonyeza *147# kwenye simu, wengine mbele ya mhudumu wa afya wa mtaa aliyekuja mlangoni akaketi kwenye kigoda na kuuliza kwa adabu kabisa. Tuliambiwa hiyo ndiyo njia ya kuingia katika bima mpya ya afya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tuliyoizoea tangu 1966. Maswali yakiisha kompyuta hupiga hesabu zake, halafu inakutajia kiasi. Ukiuliza kimetoka wapi, mhudumu hutazama simu yake nawe ukaitazama. Hajui. Wala si kosa lake.

Sisi tunaonung'unika hapa hatukuchaguana na hatuna mwenyekiti. Tumekutana kwenye foleni. Wamo wachuuzi wa soko la Kongowea, madereva wa tuktuk wa Likoni, mama wa mahamri na mbaazi, vibarua wa mjengo, wapara samaki, mafundi cherehani, ustadhi mmoja wa madrasa, na wachache walioajiriwa wenye hati ya mshahara. Hao wa hati ya mshahara wana lao: zamani NHIF ilikuwa na kikomo, hata ulipwe vipi hukukatwa zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi, sasa wanakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo. Inauma, tunawapa pole, lakini angalau wao wanajua wanakatwa nini kutoka katika nini. Mshahara umeandikwa, asilimia imeandikwa, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuzidisha.

Sisi wa jua kali tunatozwa asilimia hiyohiyo, ila ya kipato ambacho hakuna aliyekiona. Kompyuta inakibashiri. Jinsi inavyofanya si siri kubwa. Wataalamu huchukua kaya nyingi zilizowahi kuhojiwa, wakaangalia ni vitu gani huandamana na pesa: watu wenye sakafu ya simiti kwa kawaida hutumia kiasi hiki, wenye gesi kiasi kile, wenye watoto wengi katika chumba kimoja kiasi kingine. Vitu hivyo hupewa uzito. Kisha unakuja wewe na bati lako na jiko lako, mashine inatafuta watu mnaofanana, inasema huyu naye lazima yumo humo. Wengine wanatuambia hiyo si akili unde yenyewe, ni takwimu tu. Sawa. Kwetu sisi tunaolipa, jina lake halipunguzi hata shilingi. Ni mashine, inakisia, na ikishakisia neno lake ndilo deni.

Kwa nchi nzima hesabu kama hiyo inaweza kutoka vizuri. Aliyekadiriwa juu anafidiwa na aliyekadiriwa chini, wakubwa wanaonyeshwa mchoro wenye mstari ulionyooka, wanapiga makofi. Shida ni kwamba mtu hatumi wastani wake kwenye dirisha la malipo. Anakwenda mwenyewe.

Na hapa Pwani hesabu hiyo ina shimo ambalo mgeni halioni. Chukua nyumba ya Kiswahili, zile zilizojaa Majengo, Kisauni na Likoni. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani kuna jiko, choo na pahali pa kuogea. Ukuta wa mawe, sakafu ya simiti, paa la bati, stima imo. Mwenye nyumba huenda alikuwa babu aliyekufa zamani na warithi wametawanyika. Ndani, kila chumba kina familia yake. Chumba cha mkono wa kushoto yupo mama anayekaanga mihogo jioni na wanawe wanne. Anapanga. Kodi ya mwezi huu hajaimaliza. Sasa muulize maswali. Ukuta wenu ni wa nini? Mawe. Sakafu? Simiti. Paa? Bati. Mna stima? Tunayo, tunachangiana tokeni. Choo? Cha kumwaga maji, cha nyumba nzima. Kila jibu ni la kweli na kila jibu linampandisha. Jiwe alilojenga babu wa watu wengine linahesabiwa kuwa dalili ya uwezo wake. Angehamia kibanda cha udongo huko bara ya Kilifi angeonekana maskini zaidi, ilhali huko angalau asingelipa kodi.

Halafu kuna friji. Katika hesabu za aina hii karibu dunia nzima, friji ni alama ya mtu anayejiweza. Mtaani kwetu friji ni karai la kazi. Mwanamke ananunua friji kuukuu kwa mkopo wa chama, anagandisha barafu za ukwaju na za ubuyu, anawauzia watoto wakitoka shule. Ndani ya friji hiyo hakuna nyama wala maziwa ya mtindi, muna vifuko vya barafu na deni. Kuna wengine wana televisheni kubwa ukutani iliyotumwa na binti aliye Saudia, na binti mwenyewe ana miezi hajalipwa na mwajiri wake. Televisheni inaonekana. Mshahara uliozuiwa Riyadh hauonekani.

Upande wa pili nao una maajabu yake. Diani kuna matajiri wanaolala chini ya makuti kwa kupenda, makuti yaliyofumwa vizuri hata mvua ya masika haipenyezi tone, bwawa la kuogelea liko chini yake. Hatusemi mfumo umewaona hao kuwa mafukara; tunasema tu kwamba paa ni shahidi wa kuchunga sana, na sisi limetuchongea.

Haya hayakuanzia kwetu. Chile walikuwa na fomu yao ya kuwapima maskini kwa vitu vya nyumbani mwaka 1980, na tangu hapo njia hiyo imezunguka dunia ikibebwa na mashirika ya mikopo. Jordan wana mpango wa ruzuku uitwao Takaful, ambao shirika la Human Rights Watch liliuchunguza na kutoa ripoti mwaka 2023: vigezo 57 vinawapanga watu kutoka aliye fukara zaidi hadi aliye afadhali, na watu wanaopishana kwa kitu kidogo, gari kuukuu la kuendea kazini kwa mfano, wanajikuta mmoja ndani na mwingine nje. Mtu akiuza gari ili apate ruzuku, atakwendaje kazini? Wa Jordan wameuliza swali hilo kabla yetu.

Lakini ruzuku ni kupewa, na hii yetu ni kutozwa. Ukikisiwa vibaya katika ruzuku unakosa. Ukikisiwa vibaya katika bima unadaiwa. Na unadaiwa kwa mwaka mzima. Hili ndilo linalotukera kuliko hata friji. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na tukiwa wakweli hiyo ni nafuu kuliko 500 ya NHIF. Mtu aliyekadiriwa humo hana neno. Ila sisi wa jua kali hatukuruhusiwa kulipa mwezi kwa mwezi kama zamani, tunatakiwa tutoe ya mwaka kwa mkupuo, yaani 3,600 kwa aliye chini kabisa, na juu ya hapo ni jinsi bati lako lilivyosema. Anayeishi kwa siku, anayenunua mafuta ya kupikia ya shilingi 20 kwenye kifuko, ataitoa wapi ya mwaka? Mwaka 2025 serikali ikaja na Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa hela za bima, unalipa kidogo kidogo. Tumefika mahali mtu anakopa ili asije akakopa akiugua. Mashine yenye akili ya kubashiri kipato chetu imeshindwa kubashiri jambo moja jepesi, kwamba kipato chenyewe huja kwa vipande.

Matokeo yanaonekana hata bila kompyuta. Mwaka 2025 waliojisajili walipita milioni 20, na viongozi wakatangaza kwa fahari. Wanaolipa miongoni mwa sisi tusio na mwajiri ni sehemu ndogo tu. Kujisajili ni bure, ndiyo maana.

Tukiacha bima ya serikali na kwenda kwa kampuni za watu binafsi, huko mashine ni nyororo zaidi. Mwenzetu mmoja wa tuktuk alikata bima kubwa kwa sababu chombo kilikuwa cha mkopo. Akagongwa ubavuni na probox karibu na Kibarani. Kampuni, ambayo jina lake tunaliacha, ilimwambia asijisumbue kuja ofisini wala kusubiri mkaguzi. Apige picha kwa simu, azitume. Akapiga mbele, nyuma, ubavuni. Alikuwa bado hajamaliza chai yake pale kibandani jibu likaingia: fidia kiasi fulani, bonyeza kukubali au kukataa. Alifurahi kwa muda wa kama dakika moja hivi. Kisha akampigia fundi wake. Fundi alisema hela hizo zinatosha kunyoosha bodi na kupaka rangi, lakini fremu imepinda, na fremu iko chini. Picha haikuona fremu. Ilitazama bati tu, kama ile mashine ya bima ya afya.

Angeweza kukataa. Akikataa, chombo kinakaa hadi mtu atakapokuja kukagua, na mtu huyo hana tarehe. Wakati huohuo mwenye mkopo anataka lake kila wiki, nyumbani wanataka unga. Akabonyeza kukubali. Tunaamini kabisa kwamba waliotengeneza kitufe kile wanajua hali ya mtu anayekibonyeza. Haraka ile si huruma. Ofa ndogo ya papo hapo, mbele ya mtu mwenye njaa, hushinda ofa ya haki inayokuja baadaye, na kwa hilo huhitaji akili unde. Wanunuzi wa korosho wa zamani walilijua.

Ukitaka kulalamika unapelekwa kwa msaidizi wa WhatsApp. Ana jina la kike la Pwani na picha ya msichana aliyejitanda ushungi, anacheka. Anakuita mteja mpendwa. Bonyeza 1 kununua bima, 2 kulipia, 3 kuomba hati, 4 kumpendekezea rafiki. Umefidiwa pungufu? Hiyo haina namba. Ukiandika kwa maneno anakushukuru na kukurudishia orodha kuanzia 1. Mwalimu wa madrasa alijaribu kumuusia kwa upole kwamba kudhulumu ni haramu. Akajibiwa: asante kwa maoni yako, bonyeza 1 kununua bima.

Ajenti wa zamani hatukumpenda. Alikuwa mwongo. Alikuja na mkoba na tai kwenye jua la Mombasa, akakuahidi mbingu, na maandishi madogo hakukusomea. Lakini alikuwa na mama yake mtaani. Gari lako likikataliwa fidia, ulijua anaswali msikiti gani, na wazee walimwita. Ilikuwa aibu kwake kupita mbele ya baraza lako. Huyu msichana wa WhatsApp hapiti barazani kwa mtu yeyote.

Sasa hospitali. Hapa tuseme ukweli wote, maana tukificha nusu hatutaaminika. Wizi ulikuwapo, mkubwa. Enzi za NHIF kulikuwa na wagonjwa waliolazwa kwenye makaratasi wakiwa shambani wanapalilia, upasuaji wa watu ambao hawakuwahi kushikwa na kisu, na sisi wenyewe hatukuwa malaika. Kadi ya binamu ilizaa mapacha wa shangazi, watu wakacheka. Kwa hiyo mwaka 2025, wizara ilipoanza kusema mashine zitanusa madai ya uongo, na waziri Aden Duale akazisimamisha hospitali na zahanati kwa makumi, wengi wetu tulishangilia. Mwizi ashikwe. Namba ya siri ya kumtambulisha mgonjwa, iliyokuwa ikitumwa kwa simu, ikaonekana ni rahisi kuchezewa, sasa inatakiwa alama ya kidole.

Ndipo kero ikaanza upya, maana kidole nacho kina kazi yake. Anayepara samaki tangu alfajiri, anayefua nguo za watu kwa sabuni ya kipande, anayechanganya simiti bila glavu, ajuza wa miaka 80, hao wote vidole vyao vimekuwa laini kama kigae. Wanaweka, mashine inakataa. Wanapanguswa kwa kitambaa, wanaweka tena. Muuguzi anajua huyu bibi ni nani, alimzalisha binti yake wadi ileile. Mashine haimjui. Katika zahanati moja tuliona bibi akiambiwa akapumzishe mkono. Mtu mwenye ofisi, ambaye mikono yake haijawahi kugusa magadi, anapita kwa kugusa mara moja.

Na hospitali ikifungiwa kwa udanganyifu, anayefungiwa kweli ni nani? Mwenye hospitali ana mawakili. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki anaamka anaambiwa atafute pengine.

Tunaposema mashine zinakataa haraka kuliko zinavyofikiri, tunaambiwa tunaogopa teknolojia. Basi tuwataje Wamarekani, ambao hawaogopi. Mwezi Machi 2023 waandishi wa ProPublica walieleza jinsi kampuni ya Cigna, kwa msaada wa mfumo wake, ilivyokataa zaidi ya madai 300,000 katika miezi miwili ya mwaka 2022. Madaktari wa kampuni walitia saini kwa wastani wa sekunde 1.2 kwa kila dai. Kampuni ilijitetea kwamba mfumo huo ni wa kuharakisha malipo ya mambo madogo. Novemba mwaka huohuo wa 2023 UnitedHealth nayo ilishtakiwa, familia za wazee zikidai kwamba programu ilikuwa ikikata siku zao za kuuguzwa kinyume cha ushauri wa madaktari wao, na kwamba ni wachache mno, chini ya mmoja kati ya mia, hukata rufaa. California ikatunga sheria, ikaanza kazi Januari 2025: dai la matibabu lisikataliwe na mashine peke yake, lazima daktari aamue. Ulaya nao katika sheria yao ya akili unde ya 2024 wameiweka mifumo inayopanga bei za bima ya maisha na ya afya katika kundi la hatari kubwa. Hao si washamba.

Hatupingi kila kitu. Wafugaji wa Marsabit wana bima ya mifugo tangu 2010, na hiyo tunaisifu kwa moyo. Setilaiti inatazama malisho kutoka juu; kijani kikipungua chini ya kiwango, aliyelipia anapata fidia bila kupeleka mzoga wala kumsubiri mkaguzi asiyefika. Katika ukame wa 2011 watu walilipwa kweli. Nani angezunguka nyika ile nzima akihesabu ng'ombe waliokufa? Lakini hata hapo wafugaji watakwambia: setilaiti inaona kijani, haionji. Mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa na wataalamu kuzuia jangwa, hukaa kijani wakati nyasi zote zimekufa. Kutoka juu, penye mathenge panapendeza.

Na kwa kuwa tumeutaja mti huo, jamii ya Ilchamus wa Baringo waliwahi kuishtaki serikali kwa ajili yake, wakamleta mahakamani mbuzi aliyeharibiwa meno na maganda yake ili jaji amwone kinywa. Watu wa Nairobi walicheka. Sisi tunamwonea wivu mbuzi yule. Alifikishwa mbele ya mtu mwenye macho, akafunguliwa mdomo, ushahidi ukatazamwa. Mama wa mihogo wa nyumba ya Kiswahili atampeleka nani mbele ya hesabu iliyompandisha? Atalipeleka bati?

Tunavyoelewa sisi, bima ni kuchangiana. Mtaani tuna chama cha kuzikana. Kila mtu anatoa sawa, akifiwa anapewa sanda, gari, na chakula cha matanga. Nani atatangulia tunajua, au tunadhani tunajua. Mzee wa kona ana sukari na presha, mvuta bangi yule anaendesha boda usiku bila taa. Hakuna aliyewahi kusema huyu atoe mara mbili. Tungesema hivyo, chama kingevunjika siku hiyohiyo, na kila mmoja angebaki na kifo chake. Kampuni za bima nazo, miaka yote, zilitukusanya kwa mafungu makubwa kwa sababu hazikuweza kutuchambua mmoja mmoja. Kutojua kwao ndiko kulikomficha mgonjwa ndani ya wazima. Sasa mashine inaweza kuchambua: umri, mtaa, mwendo wa chombo chako usiku, dawa ulizonunua, hatua unazotembea kama simu inavyozihesabu. Kijana asiyeumwa anapewa bei tamu. Mwenye sukari ya kurithi, na hapa Pwani ni familia ngapi hazina, anapewa bei ya kumfukuza bila kumwambia toka. Kampuni itasema ni haki, kila mtu alipe hatari yake. Mtu akilipa hatari yake peke yake, huyo hajakata bima. Anajiwekea akiba kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Sheria tunazo. Watu hudhani wananchi hawasomi. Katiba ya 2010, kifungu cha 47, inasema uamuzi wa kiutawala ukigusa haki yako unastahili kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inasema mtu asiamuliwe jambo zito na mashine pekee. Ikitokea, aarifiwe kwa maandishi, na ana haki ya kuomba liangaliwe upya. Basi tupeni. Tuandikieni: bati limeongeza shilingi ngapi, friji ngapi, choo cha kuchangia kimepunguza au kimeongeza. Kama hesabu ni nzuri, haitaona haya kutazamwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alieleza mwaka 2025 kwamba mfumo huu wa kompyuta wa afya wa shilingi bilioni 104.8 hata si mali ya serikali. Kama mwenye nyumba naye ni mpangaji, tukamuulize nani ufunguo?

Tunataka vitu vya kawaida. Dirisha lenye mtu, katika kila hospitali ya kaunti, mwenye uwezo wa kubadilisha namba na siyo wa kuisoma tu. Mpangaji asihesabiwe ukuta wa mwenye nyumba. Mwenye kidole kilicholika atambuliwe kwa kitambulisho na ushahidi wa muuguzi, bila kupigwa danadana. Anayepata kwa siku aruhusiwe kulipa kwa siku. Tuktuk tunawekea mafuta kwa M-Pesa kila asubuhi, hela ndogo haishindwi kusafiri. Kwa kampuni za binafsi, kitufe cha kukataa kiwe na tarehe ya mkaguzi pembeni yake, na asipofika siku hiyo tulipwe kile alichosema fundi.

Wasipofanya hivyo tunajua yatakayofuata, maana yamekwisha kuanza. Vijana wazima waliokadiriwa juu hawalipi. Wanasema nikiugua nitanunua dawa dukani. Wanaojikaza kulipa ni wenye mimba, wenye sukari, wenye mzee kitandani. Mfuko wa wagonjwa watupu hautoshi kuwatibu wagonjwa. Hospitali zitachelewa kulipwa, zitatuomba pesa mkononi kwanza, na hao wachache waliobaki watakuwa wanalipa mara mbili. Kisha wataalamu wataitwa kutafuta pesa zaidi, nao watapendekeza mashine ikadirie upya, kwa maswali zaidi.